Lettow-Vorbeck: Nishani ya Juu ya Vita na Gharama Iliyobebwa na Wananchi

Katika sakafu ya Kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo leo wageni kutoka pande zote za dunia hufika kutazama faru, nyumbu na simba, walipata kuishi walowezi wawili wa Kijerumani, ndugu Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf. Ndugu hao walifuga ng'ombe, wakajaribu kufuga mbuni na kuwafukuza nyumbu ili wapate malisho. Mwaka 1913, katika Bonde la Olduvai lililo jirani, mwanajiolojia Hans Reck alichimba mifupa ya kale na kuisafirisha hadi Berlin. Kwa watawala wa Kijerumani wa wakati huo, nyanda za juu za Ngorongoro pamoja na nchi ya Wairaqw ya Karatu na Mbulu zilionekana kuwa mali yao ya kudumu.

Haikupita miaka mitatu mambo yakageuka. Mwezi Agosti 1914 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilizuka, na kufikia katikati ya mwaka 1916 bendera ya Ujerumani ilikuwa imeshushwa Arusha, Moshi na Kondoa. Mtu aliyeongoza jeshi la Ujerumani katika vita hivyo ndani ya ardhi ambayo leo ni Tanzania Bara alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa ajili ya vita hivyo alitunukiwa Pour le Mérite, nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa kivita iliyotolewa na ufalme wa Prussia. Maisha yake yanafaa kusomwa na Watanzania kwa sababu yanaonesha jinsi heshima ya vita inavyoweza kukaa shingoni mwa mtu mmoja, ilhali gharama yake imebebwa na maelfu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kuzaliwa na kukulia jeshini

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi, 1870 katika mji wa Saarlouis, uliokuwa chini ya Prussia. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na mtoto alifuata njia hiyohiyo tangu ujana. Mwaka 1900 alipelekwa China, ambako mataifa ya Ulaya yalikuwa yakizima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 alipelekwa Afrika Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, akiwa msaidizi katika makao makuu ya Jenerali Lothar von Trotha.

Huko Namibia ndiko majeshi ya Ujerumani yalipowaangamiza Waherero na Wanama kwa risasi, kwa kiu jangwani na kwa kambi za wafungwa. Mwaka 2021 Serikali ya Ujerumani ilikiri kuwa yaliyotendeka huko yalikuwa mauaji ya kimbari. Lettow-Vorbeck alijeruhiwa katika vita hivyo na kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto. Aliondoka Namibia akiwa amejifunza jinsi vikundi vidogo vya wenyeji wanaoijua nchi yao vinavyoweza kulisumbua jeshi kubwa kwa muda mrefu. Somo hilo alilitumia baadaye Afrika Mashariki, akiwa yeye sasa ndiye mwenye kikosi kidogo.

Mwezi Januari 1914 alishuka Dar es Salaam akiwa na cheo cha luteni kanali, kushika ukamanda wa Schutztruppe, yaani jeshi la ulinzi la koloni. Jeshi hilo lilikuwa na kombania 14, zenye Wazungu zaidi kidogo ya 200 na askari wa Kiafrika karibu 2,500. Ni miaka saba tu ilikuwa imepita tangu jeshi hilohilo lizime Vita vya Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi.

Ushindi wa Tanga

Vita vilipoanza, Gavana Heinrich Schnee alipendelea koloni libaki nje ya mapigano. Alihofia kuwa vita vingeharibu uchumi na kuwachochea wananchi kuasi. Lettow-Vorbeck aliona tofauti. Alijua kuwa Ujerumani isingeweza kulilinda koloni lake la mbali, lakini aliamini kuwa kadiri atakavyoendelea kupigana ndivyo Uingereza itakavyolazimika kuleta askari, meli na fedha Afrika Mashariki badala ya kuvipeleka Ulaya. Kwa maneno mengine, nchi hii na watu wake viligeuzwa chombo cha kumpunguzia Mjerumani mzigo wa vita vilivyokuwa vikipiganwa Ufaransa na Ubelgiji.

Tarehe 2 Novemba, 1914 meli za Uingereza zilitia nanga Tanga zikiwa na askari karibu 8,000 kutoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Lettow-Vorbeck aliwasafirisha askari wake kwa reli kutoka Moshi, na usiku wa kuamkia tarehe 4 aliingia mjini kwa baiskeli kukagua hali mwenyewe. Akiwa na askari karibu 1,000 tu, aliwarudisha Waingereza baharini. Upande wa Uingereza ulipata hasara ya watu zaidi ya 800, waliouawa na waliojeruhiwa, na kuacha ufukweni bunduki, bunduki za rashasha na risasi takriban 600,000. Nyuki waliochokozwa na milio ya risasi waliwashambulia wapiganaji wa pande zote, na jambo hilo linasimuliwa Tanga hadi leo.

Ushindi huo ulimjengea Lettow-Vorbeck sifa kubwa. Hata hivyo, miezi miwili baadaye, tarehe 18 na 19 Januari, 1915, alishinda tena huko Jasini, kaskazini mwa Tanga, kwa gharama iliyomshtua: maafisa kadhaa waliuawa na risasi takriban 200,000 zilitumika. Aliona wazi kuwa ushindi wa namna hiyo ukirudiwa mara chache tu jeshi lake litakwisha. Tangu hapo akachagua vita vya kuvizia, kushambulia reli ya Uganda na kurudi nyuma kabla ya kuzingirwa.

Kwa kuwa bahari ilifungwa na manowari za Uingereza, koloni lililazimika kujitegemea. Taasisi ya utafiti ya Amani, katika milima ya Usambara, ilitengeneza dawa ya malaria kutokana na magome ya mkwinini. Manowari ya Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa majini na kukokotwa bara. Waliovuta mizinga hiyo kwa kamba, kupita matope na misitu, walikuwa wananchi wa kawaida waliochukuliwa kwa amri.

Vita vinapita kaskazini

Mwezi Machi 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, ambaye mwenyewe alipata kupigana dhidi ya Waingereza katika vita vya Makaburu, alianza mashambulizi makubwa kutoka Kenya. Moshi ilichukuliwa tarehe 13 Machi, na Arusha ikafuata siku chache baadaye. Jenerali Jacob van Deventer aliongoza askari wa farasi kupitia Lolkisale na Ufiome hadi Kondoa Irangi, ambako aliingia tarehe 19 Aprili. Mvua za masika na ndorobo viliwaua farasi wake kwa maelfu. Mwezi Mei Lettow-Vorbeck alimshambulia Kondoa, lakini akashindwa kumwondoa.

Kwa nyanda za Mbulu, Karatu na Ngorongoro, huo ndio ulikuwa mwisho wa utawala wa Kijerumani. Mashamba ya walowezi yakawa mali ya adui na kuwekwa chini ya usimamizi wa Waingereza. Lakini vita havikuwa vimeondoka moja kwa moja. Mwaka 1917 kikosi kilichojitenga na jeshi la magharibi bila amri ya Lettow-Vorbeck, kwanza chini ya Max Wintgens na kisha Heinrich Naumann, kilirudi kaskazini. Kilizunguka Mkalama, Ikoma na Kondoa, yaani pande za kusini magharibi, kaskazini magharibi na kusini mashariki ya nyanda za Ngorongoro, kikifukuzwa na Waingereza na Wabelgiji hadi kilipojisalimisha tarehe 2 Oktoba, 1917. Kila kilikopita kilihitaji chakula na wabebaji, na vyote vilitoka kwa wakulima na wafugaji waliokutwa njiani.

Wakati huohuo jeshi kuu la Lettow-Vorbeck lilikuwa likirudi kusini. Dodoma ilichukuliwa na Waingereza mwishoni mwa Julai 1916, Morogoro mwishoni mwa Agosti na Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliingia Tabora. Reli ya Kati yote ikawa mikononi mwa maadui wa Ujerumani.

Nishani iliyotangazwa na adui

Ni katika hali hiyo ya kurudi nyuma ndipo, tarehe 4 Novemba, 1916, Mfalme Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alipomtunuku Lettow-Vorbeck nishani ya Pour le Mérite. Nishani hiyo ilianzishwa mwaka 1740 na Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, na jina lake ni la Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha iliyotumika katika jumba lake la kifalme. Ilikuwa msalaba wa rangi ya buluu wenye kingo za dhahabu, uliovaliwa shingoni. Katika Vita Kuu ya Kwanza yote, iliyohusisha mamilioni ya wanajeshi wa Ujerumani, ilitolewa mara 687 tu.

Kwa kuwa mawasiliano kati ya Berlin na jeshi la Afrika Mashariki yalikuwa magumu, habari hiyo ilimfikia mhusika kwa njia isiyo ya kawaida. Mwishoni mwa mwaka 1916 mjumbe wa Waingereza alifika kwenye ngome zake akiwa na bendera nyeupe na barua kutoka kwa Jenerali Smuts. Ndani yake Smuts alimjulisha kuwa mfalme wake amemtunuku nishani hiyo, na akampongeza. Hivyo, kamanda aliyekuwa akimwinda msituni ndiye aliyempelekea taarifa ya heshima yake. Tarehe 10 Oktoba, 1917 aliongezewa majani ya mwaloni, alama ya daraja la juu zaidi la nishani hiyo.

Kuna jambo moja katika kanuni za nishani hiyo ambalo halipaswi kusahauliwa. Pour le Mérite ya kijeshi ilitolewa kwa maafisa pekee. Askari wa kawaida, awe Mjerumani au Mwafrika, hakuweza kuipata hata angefanya ushujaa wa namna gani. Kwa askari wa Kiafrika wa Schutztruppe, mlango huo ulikuwa umefungwa.

Upande wa Uingereza nako hali haikutofautiana sana kimatokeo. Nishani yake ya juu, Victoria Cross, ilitolewa kwa wapiganaji kadhaa wa vita vya Afrika Mashariki. Henry Peel Ritchie wa jeshi la majini aliipata kwa mapigano ya bandari ya Dar es Salaam tarehe 28 Novemba, 1914. Wilbur Dartnell alipewa baada ya kifo chake huko Maktau, Kenya, mwezi Septemba 1915, alipokataa kuwaacha majeruhi. William Bloomfield aliipata kwa kumbeba majeruhi chini ya risasi huko Mlali, Morogoro, tarehe 24 Agosti, 1916. Frederick Booth aliipata kwa kumwokoa majeruhi karibu na Songea tarehe 12 Februari, 1917. Ushujaa wao haukuwa wa bure. Hata hivyo, wote wanne walikuwa Wazungu, katika vita ambavyo wengi wa waliopigana na kufa walikuwa Waafrika.

Mgongo wa mpagazi

Vita vya Afrika Mashariki havikupiganwa kwa reli na magari kama vya Ulaya. Mbung'o na ndorobo waliua farasi, punda na maksai. Barabara zilikuwa chache na mvua ziliyafanya mabonde kuwa maziwa. Kila kisanduku cha risasi, kila mfuko wa unga na kila kipande cha mzinga kilisafiri kichwani au begani mwa mtu. Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika kipindi chote cha vita, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo, Afrika Magharibi na katika maeneo ya Tanganyika waliyoyateka. Inakadiriwa kuwa karibu 95,000 kati yao walifariki, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa kuliko kwa risasi.

Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam unabeba kumbukumbu hiyo katika jina lake. Hapo ndipo ilipokuwa kambi ya jeshi la wapagazi la Uingereza, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Wanaofika sokoni hapo kila siku kununua na kuuza wanalitaja jina la wapagazi hao, ingawa si wengi wanaokumbuka asili yake.

Upande wa Lettow-Vorbeck, wapagazi wake hawakuhesabiwa kwa uangalifu, na waliofariki hawakuandikwa. Baada ya kupoteza reli na maghala, jeshi lake liliishi kwa kuchukua chakula vijijini. Palipovunwa mtama, mahindi au muhogo, palifika kikosi kimoja au kingine, na wakati mwingine vyote viwili kwa zamu. Ludwig Deppe, daktari aliyetumikia jeshi hilo, alikiri katika maandishi yake baada ya vita kuwa jeshi liliacha nyuma yake maghala matupu na njaa iliyokuwa ikija. Katika nchi ya Ugogo, njaa iliyofuata vita, ambayo wananchi waliiita Mtunya, iliua makumi ya maelfu ya watu. Kabla haijapoa, homa ya mafua ya mwaka 1918 na 1919 ikaingia katika miili iliyokwisha kudhoofika.

Askari nao walikuwa na gharama yao. Wengi walitoka Unyamwezi, Usukuma na Manyema, na wengi waliongozana na wake na watoto wao katika msafara. Wanawake walibeba mizigo, walipika, walijifungua njiani na kuendelea na safari siku iliyofuata. Baadhi ya askari walipigana kwa uaminifu hadi mwisho, wengine walitoroka, na wengine walikamatwa wakahamia King's African Rifles na kupigana upande wa pili. Mishahara yao ilisimama kadiri vita vilivyoendelea, na badala ya fedha walipewa hati za ahadi.

Kutoka Mahiwa hadi Mbala

Pigano kubwa kuliko yote lilitokea Mahiwa, katika eneo la Lindi, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, 1917. Lettow-Vorbeck, akiwa na askari karibu 1,500, alipambana na kikosi cha Uingereza cha watu karibu 5,000, wakiwemo askari kutoka Nigeria. Hasara ya Waingereza ilizidi watu 2,500. Ya kwake ilikuwa zaidi ya 500, idadi ambayo hakuweza kuifidia. Alishinda uwanjani, lakini hakuweza tena kubaki katika koloni.

Mwezi uliofuata, meli ya angani L59 iliondoka Bulgaria ikiwa na tani 15 za dawa na silaha kwa ajili yake, ikageuzwa ilipofika juu ya anga la Sudan baada ya kuamriwa kurudi. Tarehe 25 Novemba, 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji akiwa na Wazungu karibu 300 na askari karibu 1,700, baada ya kuwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi. Kwa miezi 10 alizunguka Msumbiji akiwanyang'anya Wareno silaha na chakula. Mwishoni mwa Septemba 1918 alivuka Ruvuma tena kurudi Tanganyika, akapita pande za Songea na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Tarehe 13 Novemba, 1918, karibu na Mto Chambeshi, alipata taarifa kuwa vita vimekwisha Ulaya siku mbili zilizopita. Tarehe 25 Novemba aliweka silaha chini mjini Abercorn, unaoitwa Mbala hivi sasa, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake. Mfalme aliyemtunuku nishani alikuwa tayari ameondoka madarakani tarehe 9 Novemba, na kwa kuanguka kwake Pour le Mérite ya kijeshi ilikoma kutolewa. Hivyo askari wa Lettow-Vorbeck walitembea siku zao za mwisho za vita chini ya bendera ya dola ambayo haikuwepo tena. Waliombewa mishahara yao iliyokuwa ikidaiwa, lakini Waingereza hawakuilipa.

Maisha baada ya vita

Mwezi Machi 1919 Lettow-Vorbeck aliingia Berlin kwa gwaride, akiwa juu ya farasi, na kushangiliwa kama kamanda ambaye hakushindwa uwanjani. Mwaka 1920 alijihusisha na jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, akaondolewa jeshini. Kati ya mwaka 1928 na 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wahafidhina. Vitabu vyake kuhusu vita vya Afrika Mashariki vilisomwa sana, na vilisaidia kujenga dhana kuwa Waafrika waliupenda utawala wa Kijerumani na ndiyo maana askari walimfuata hadi mwisho. Dhana hiyo iliwafumbia macho wapagazi waliofungwa kamba, vijiji vilivyonyang'anywa chakula na askari waliotoroka.

Baada ya vita hivyo, walowezi wa Kijerumani waliruhusiwa kurejea Tanganyika katikati ya miaka ya 1920. Baadhi yao walifungua mashamba ya kahawa katika miteremko ya Oldeani, wilayani Karatu kwa mipaka ya leo, hadi Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa tena. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliwapoteza wanawe wawili wa kiume katika vita hivyo vya pili. Alipoishi kwa dhiki baada ya vita, Smuts, adui wake wa zamani, alimsaidia kwa kumtumia vifurushi vya chakula. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 83, alirudi kuitembelea Tanganyika na kupokelewa na wazee waliokuwa askari wake.

Alifariki mjini Hamburg tarehe 9 Machi, 1964. Mwaka huohuo, ambao pia ndio uliozaliwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa Kiafrika waliokuwa bado hai. Husimuliwa kuwa wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, na kwa kuwa wachache tu walikuwa na vyeti, ofisa aliyetumwa na benki aliwapa ufagio na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye mazoezi ya bunduki. Miaka 46 baada ya vita, miili yao bado ilizikumbuka amri hizo. Wapagazi, ambao hawakuwahi kufundishwa gwaride, hawakuwa na namna ya kuthibitisha utumishi wao.

Kumbukumbu inayorekebishwa

Katika miaka ya karibuni historia hii imeanza kuandikwa upya. Miji kadhaa ya Ujerumani imebadilisha majina ya mitaa iliyoitwa kwa heshima ya Lettow-Vorbeck, na kambi za jeshi zilizobeba jina lake hazilitumii tena. Mwezi Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliofariki katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tarehe 1 Novemba, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wananchi wakati wa ukoloni.

Hapa nchini, Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927, yenye maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, iliwekwa na Waingereza kwa kumbukumbu ya Waafrika waliotumika upande wao, askari pamoja na wapagazi. Kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Taifa huwakumbuka waliotoa maisha yao kwa ajili ya nchi.

Lettow-Vorbeck alikuwa kamanda hodari. Lakini uhodari wake ulitegemea watu waliobeba mizinga kutoka Rufiji, wakulima wa Ugogo waliobaki bila mbegu, na wanawake waliotembea kutoka Kilimanjaro hadi Mbala wakiwa na watoto mgongoni. Mwananchi mwenye babu au bibi aliyesimuliwa habari za vita vya Mjerumani, awe Karatu, Kondoa, Lindi au Songea, ana sehemu ya historia ambayo haimo katika orodha ya watu 687 waliotunukiwa. Kuisikiliza simulizi hiyo, kuiandika na kuihifadhi kabla wanaoijua hawajaondoka ni wajibu ambao hauhitaji nishani.